NANI ALIKATA KAMBA YA KUMSHUSHA MAMA?

Kamba ilikatika nikiwa chini yake!

Nyie... nilisikia "paaa!" kule juu. Kuinua macho, naona toroli la chuma limejaa madumu ya maji, linanijia mbio juu ya jabali!

Nilijirusha pembeni. Bega likagonga jiwe. Toroli likapita palepale nilipokuwa nimesimama, likaenda kubomoa ukuta wa choo cha jirani.

Sekunde moja tu, leo mngekuwa mnaweka picha yangu na mishumaa.

Naitwa Bernadeta, nakaanga samaki Butimba. Mama yetu anaishi Igogo, juu kabisa kwenye mawe. Mnaoijua Mwanza mnaelewa. Pikipiki inaishia chini, huko juu ni miguu yako na Mungu wako.

Tangu mama avunjike nyonga hashuki. Kengele ya kanisa anaisikia tu. Akiugua anabebwa mgongoni kama gunia la mkaa, mtu mzima, analia kwa aibu.

Ndipo nikatafuta injini ya pikipiki iliyopata ajali. Fundi Revocatus akaifunga kwenye zege, karibu na mlango wa mama. Rimu ya nyuma ikawa ya kuzungushia kamba. Ukiwasha, kamba inavuta toroli lenye kiti, linapanda jabali mdogomdogo. Kushuka, unaachia kwa breki.

Watu walicheka. Aliyenipa moyo ni mmoja tu, kaka yangu Mashimba. Alitoka kwake Kiseke kila wikiendi, akabeba saruji begani mpaka juu.

"Mdogo wangu, mama lazima ashuke," alikuwa anasema. "Lazima!"

Nilimpenda kaka yangu jamani...

Sasa siku hiyo tulikuwa tunajaribu na maji kabla ya kumpandisha binadamu. Nilipookota kamba, nikaikagua ncha yake. Nusu ilikuwa imechanika. Nusu nyingine imekatwa. KWA KISU!

Akili ilienda moja kwa moja kwa Chenge, kijana anayelipwa kubeba maji ya watu kupandisha mlimani. Nani mwingine angeichukia kamba yangu?

Nilimkuta kwenye bomba. Nikamkaba shati.

"Umetaka kuniua, Chenge!"

"Dada Berna, mimi? Mimi nilisali hiyo kamba ifanye kazi! Shingo yangu imekwisha!"

"Muongo mkubwa wewe!"

Nilimtukana mbele ya foleni nzima ya akina mama. Kisha nikapanda kwa mama, bega linawaka moto.

"Mama, Chenge amekata kamba. Naenda polisi!"

Mama alikuwa kitandani, ameukazia ukuta macho.

"Usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Nimekata mimi."

Nilihisi sijasikia vizuri.

"Nilijikokota mpaka pale kwenye injini na kisu cha mboga," akasema. "Nilidhani itakatika, watu watacheka, mtaacha. Sikujua utakuwa chini yake. Mungu anisamehe."

Nikalipuka! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. "Nimejinyima kwa ajili yako mama! Kwa nini?!"

Akanigeukia. Macho makavu, makali.

"Kwa sababu mnaniuza! Mashimba alisimama hapo dirishani anaongea na simu. 'Bimkubwa akishuka tu harudi tena, kiwanja chako hicho, anza kujenga hoteli.' Nilisikia kwa masikio yangu. Mmejenga pamoja, nikajua mko pamoja."

Nikakaa chini sakafuni.

Mama yangu mzazi alikuwa anaamini nimemjengea njia ya kumfukuza kwake!

"Mama... mimi sijui chochote. Naapa."

Aliniangalia machoni. Halafu akaanza kulia, na mimi nikalia.

Tulipomaliza kulia nikachukua simu. Nikampigia Mashimba, sauti ya asali kabisa.

"Kaka, tumefunga kamba mpya. Mama anashuka Jumamosi."

"Safi sana! Mlete moja kwa moja ofisi ya mtaa. Kuna karatasi ya bima ya matibabu, aweke dole gumba tu."

Bima! Nilitaka kuitafuna ile simu.

Jumamosi asubuhi mama alivaa kitenge chake kizuri. Revocatus akashika breki juu. Na aliyetembea bega kwa bega na toroli, kalishika kwa mikono miwili, ni Chenge, yule yule niliyemdhalilisha. Nilikuwa nimemuomba radhi pale pale bombani, mbele ya wale wale akina mama. Alisema tu, "Tumshushe bimkubwa."

Mama alishuka jabali lote amefumba macho. Alipofika chini akayafumbua, akaona barabara. Akacheka kama mtoto.

Ofisini tulimkuta mwenyekiti wa mtaa, mgeni mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, bila shaka yule wa hoteli, na kaka yangu anatoa maelezo:

"...mama hana kumbukumbu tena. Hata sisi watoto hatutambui. Mimi ndiye msemaji wake."

"Mashimba," mama akaita kutoka mlangoni.

Kaka akageuka. Nyie, sijawahi kuona mtu mweusi akiwa mweupe vile!

Mama akaingia na mkongojo wake, pole pole, akakaa.

"Mwenyekiti, mkeo Hellen alijifungua salama yule pacha wa pili? Nilisikia alitanguliza miguu."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Alijifungua salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa andika. Nyumba yangu haiuzwi. Na huyu si msemaji wangu."

Yule mgeni akasimama. "Mashimba, uliniambia mama hajitambui! Umenidanganya!" Akaondoka bila kuaga.

Kaka akapiga magoti. "Mama, nilitaka upumzike kwangu Kiseke..."

"Ungeniuliza," mama akasema. "Mdomo ninao."

Hilo neno lilimpiga yeye, lakini na mimi lilinipata. Wote wawili tulipanga safari ya mama. Hakuna aliyemuuliza.

Jamani, wazazi wetu si mizigo ya kupandisha na kushusha. Kabla hujamtengenezea mzee njia, muulize anataka kwenda wapi.

Mama alijibu siku ile ile. Alitaka kwenda kanisani, halafu arudi kwake.

Na wewe Mashimba, najua unasoma hapa. Mama amesema atakusamehe akiwa tayari.

Mimi bado. Usinipigie.