Namba ya Mama Edinah

Mimi huuza ndizi na avokado pale Keumbu, kando ya barabara. Sauti yangu inajulikana. Gari likisimama, abiria wananisikia kabla hawajaniona. Lakini mambo ya sekondari, yalah, nilikuwa bubu.

Januari, binti yangu Edinah alianza Gredi ya Kumi katika shule ya kutwa hapo karibu. Mimi nilijua sare yake tu. Zamani zetu, mzazi akiitwa shuleni, basi mtoto ameharibu. Sikuitwa, nikafurahi.

Muhula wa pili, Edinah akaanza kuchelewa. Wenzake wanatoka saa kumi, yeye ananifikia sokoni karibu saa kumi na mbili. Vidole vina gundi. Sketi ina vumbi la mbao.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Shule, Mama. Tunafanya mradi."

"Mradi gani wa mbao? Nilikupeleka usome au uwe seremala?"

Akaficha vidole nyuma. Kusema kweli, nilifikiri kuna kijana. Nikafoka, "Kuanzia kesho, saa kumi uwe hapa. La sivyo, shule basi!"

Edinah akalia. "Mama, Ijumaa ijayo tunaenda mashindano ya miradi, Nyansiongo. Bila sahihi yako siendi. Umeitwa mara tatu na hukuja. Nikajua hutaki."

"Nimeitwa na nani?"

Kaltuma alikuwa anasikia yote. Ana duka la vitambaa nyuma yangu, na mwanawe Zaki yuko darasa moja na Edinah. "Mama Edinah, wee!" akasema. "Shule hututumia ujumbe kila wiki. Lete simu."

Akatafuta. Hakuna hata mmoja.

"Siku ya kumwandikisha, nani alikujazia fomu?"

"Ndugu yangu, Nyakundi."

"Basi mpigie."

Nyakundi siku hizi yuko Nairobi. "Ah, dada, ujumbe wa shule huja kwangu. Nilidhani Edinah anakueleza," akasema. "Niliandika namba yangu kwa sababu wewe hujui kusoma."

Maneno hayo yaliniuma. Ni kweli, Januari sikujua. Lakini tangu Machi nasoma darasa la watu wazima kila Jumamosi, pale kanisani. Nyakundi hakuuliza, na mimi nilikuwa naona haya kumwambia.

Asubuhi Kaltuma alifunga duka akanisindikiza shuleni. Mwalimu wa darasa, Bwana Ongeri, akainuka kunisalimia.

"Mwalimu, sikukataa kuja," nikaanza kujitetea.

"Karibu, mama. Keti. Hujaitwa kwa kosa. Sekondari, mtoto anasoma vitabu na pia anafanya kazi kwa mikono. Mradi ni sehemu ya masomo. Wakibaki jioni, tunawaarifu wazazi siku na saa. Usipopata habari, njoo uulize. Na kila muhula kuna siku ya wazazi. Siku hiyo uliza chochote."

"Hata kama sikusoma?"

"Hata kama hukusoma. Mtoto ni wako."

Akanionyesha sanduku la mbao. Ndani kulikuwa na taa na mayai. Ni mashine ya kutotolesha vifaranga! Edinah ndiye aliyekata mbao na kupima joto. Alikuwa amesimama kando, ananitazama usoni.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. Machozi yalinitoka mbele ya mwalimu, na sikujali.

Nikaweka sahihi. Halafu nikaomba ile fomu ya Januari. Nikafuta namba ya Nyakundi, nikaandika yangu mwenyewe, tarakimu zote kumi.

"Buya mono," mwalimu akasema kwa Kigusii. Vizuri sana.

Ijumaa ikafika. Saa tisa simu yangu ikalia sokoni. Kaltuma akanyoosha mkono anisomee, kama tulivyozoea.

"Acha," nikamwambia. "Hii ni yangu."

Nikasoma kwa ile sauti yangu ya kuitia wateja, neno moja moja. "Mzazi wa Edinah. Shule yetu... imekuwa... ya pili. Edinah ameeleza mashine... vizuri sana. Hongera, mzazi."

Kaltuma akapiga vigelegele. Wauza ndizi wote wakaitikia. Mimi nilikuwa bado nimelikodolea macho lile neno la mwisho.

Mteja akaniita kutoka dirisha la gari, "Mama, avokado pesa ngapi?"

"Ngoja kidogo," nikamjibu. "Narudia kusoma."