NILIMSINGIZIA DADA SPANA

"Ndiyo. Nilimpiga."

Dada Spana aliyasema maneno hayo akiwatazama usoni wale watu watatu wa kamati ya tuzo. Hakupepesa macho.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, mikono nimeibana katikati ya magoti.

Jamani... Dada Spana hajawahi kunigusa hata kwa kidole!

Na aliyesema kwamba amenipiga ni mimi.

"Ulimpiga kwa nini?" aliuliza mama wa miwani, mkuu wa kamati.

"Hasira tu."

"Kwa kitu gani?"

"Pampu ya baiskeli. Kama alivyowaambia mwenyewe."

Nilitaka kupiga kelele. Nikainamisha kichwa.

"Basi tuzo tumeifuta," mama akasema. "Na karakana yako isipokee vijana mpaka uchunguzi uishe."

Dada akaitikia kwa kichwa. Akasimama, akanishika mkono, tukatoka. Yaani mtu niliyemmaliza ndiye aliyenishika nisianguke kwenye ngazi!

Subirini, msianze kunitukana. Nafasi ya matusi mtaipata, na nitayastahili yote. Kwanza mjue huyu dada ni nani.

Ni fundi baiskeli. Ana miaka ishirini na sita, mfupi, na akicheka mtaa mzima unajua kacheka. Alikuja huku akiwa mtoto, akahangaika, akapata uraia. Karakana yake ni chumba kimoja na kibaraza, na humo tulijazana vijana kumi na kitu, wote wa kuja, wote tumekimbia mahali fulani.

Mimi alinitoa stendi ya mabasi.

Nilikuwa nabeba vifurushi vya mtu mmoja tuliyemwita Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa yeyote. Kilichomo ndani sikujua. Sikuuliza pia, maana anayeuliza kesho hapewi kazi.

Siku hiyo Dada akaja akakaa karibu yangu kwenye benchi. Nikajisemea, haya, sasa nahubiriwa.

"Binti, unajua kuziba pancha?"

"Sijui."

"Twende basi. Unakaa bure."

Ndiyo hivyo tu! Wiki ile ile nikawa nazamisha tyubu kwenye beseni, natafuta mapovu. Ukikisia tundu lilipo, anakufokea mpaka majirani wanachungulia. Kufoka anafoka, sitaki kuwadanganya tena. Lakini mkono, hapana.

Na Mjomba alipokuja kunidai nirudi kazini, Dada alimfuata mpaka kwenye gari lake akiwa na spana kubwa mkononi. Jina likamganda tangu siku hiyo.

Sasa... jiji likatangaza kwamba limempendekeza kwa tuzo ya kiongozi kijana wa mwaka, kwa ajili yetu sisi. Karakana ikalipuka! Kiraka, mdogo wetu kuliko wote, akaanza kutuigizia Dada atakavyopanda jukwaani na suruali yake ya grisi.

Nilicheka nao. Halafu Kiraka huyo huyo akaropoka:

"Si mnajua yule aliyeshinda mwaka jana? Yule wa kituo cha mpira? Walimpa kazi ofisi kuu, mji mwingine kabisa. Na kituo kikafa!"

Kicheko kikanikauka.

Mama yangu aliniacha kwa jirani akisema anarudi sasa hivi. Mpaka leo. Baba mdogo akanivusha mpaka, akaenda kutafuta maji ya kunywa, na nadhani bado anayatafuta. Kuachwa nakujua. Nikaanza kumwangalia Dada kama mtu aliyeshafunga mizigo.

Mama wa miwani akaja kutuhoji mmoja mmoja, simu yake mezani inarekodi.

"Dada yenu anaishi nanyi vipi?"

Jibu nililijua. Wallahi nililijua! Lakini kichwani kulikuwa na hesabu moja tu. Akishinda, anaondoka. Asiposhinda, anabaki.

"Anatupiga," nikasema. "Mimi alinipiga kwa pampu ya baiskeli."

Nikatoka pale nikaenda kufunga mnyororo wa baiskeli ya mteja. Sikujisikia vibaya hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Haya, turudi kule kwenye ngazi.

"Dada, kwa nini umekubali?"

"Tembea."

"Lakini Dada..."

"Nimesema tembea!"

Tulipofika mbali na lile jengo ndipo akasimama.

"Yale maelezo umewapa watu wa jiji. Yamerekodiwa. Wakijua ni uongo, kibali chako cha kukaa kinakwenda na maji. Mimi nina uraia. Nikichafuka nitanuka hapa hapa. Wewe wakikurudisha, utarudi kwa nani?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Ila niambie mdogo wangu. Nilikukosea nini?"

Sauti yake ilikatika hapo. Mara ya kwanza kumsikia hivyo.

"Niliogopa utatuacha," nikasema. "Ile kazi ya ofisi kuu..."

Dada akafuta mikono kwenye suruali.

"Ile kazi niliikataa siku ile ile waliyoniambia."

Nikatamani ardhi inimeze! Haikunimeza. Ilibidi nirudi naye karakana, niwatazame wenzangu.

Na huko kulikuwa na adhabu nyingine. Walikuwa wameshasikia kwamba Dada amekiri. Hakuna aliyemsalimia Dada. Mimi nikawekewa kiti, nikamiminiwa chai.

"Pole sana," Kiraka akaniambia. "Kumbe yule ni mnyama."

Dada alikuwa pale pale anakusanya spana zake, anasikia kila kitu. Na mimi, mwoga wa waoga, nikainywa ile chai na pole zao zote.

Siku zikapita mlango umefungwa. Vijana wakawa wanazurura. Asubuhi ya sherehe ya tuzo napita stendi, namwona Kiraka. Kwapani ana kifurushi.

"Kiraka! Umebeba nini?"

"Sijui," akasema, akatazama pembeni. "Na usiniulize. Anayeuliza kesho hapewi kazi."

Maneno yale yale. Nikamnyang'anya kile kifurushi, nikakitupia mlangoni pa ofisi ya Mjomba pale stendi, nikamkokota mtoto wa watu mpaka ukumbi wa jiji huku ananitukana njia nzima.

Tulipoingia, mama wa miwani alikuwa kwenye kipaza sauti.

"Mwaka huu tuzo ya kiongozi kijana haina mshindi..."

"Yupo!" nikapayuka.

Ukumbi mzima ukageuka.

"Dada Spana hakunipiga! Nilidanganya! Na yeye akakubali ili kunilinda mimi!"

Mama akavua miwani.

"Binti, unaelewa unachokisema kitakufanya nini?"

"Naelewa."

"Kibali chako..."

"Naelewa, mama."

Kiraka akaacha kunitukana.

Walimwita Dada kwa simu. Alikuja na ile suruali ya grisi, kama Kiraka alivyotabiri. Watu wakasimama, wakampigia makofi mpaka mikono ikauma. Akapokea tuzo, akashuka moja kwa moja mpaka nilipo, akaniinamia sikioni:

"Mpumbavu wewe! Nilikuwa nimeshakusitiri!"

Halafu akanikumbatia, akalia kwa sauti kama anavyocheka, kwa sauti ya mtaa mzima.

Karakana imefunguliwa. Kiraka amerudi, anaziba pancha vibaya, anafokewa.

Mimi? Juzi nimeitwa dirishani, ofisi ya uhamiaji. Kibali kimefutwa kwa sababu ya ule uongo. Natakiwa niwe nimeondoka mwisho wa mwezi. Dada amekata rufaa kwa niaba yangu, anagombana na makarani kila siku, lakini macho yake nayasoma. Hana matumaini makubwa.

Mnaona ilivyokuwa? Nilisema uongo ili Dada asiondoke. Anayeondoka ni mimi.

Msinionee huruma, sikuja hapa kuomba huruma. Nimekuja kumwambia yeyote anayeogopa kuachwa: muulize mtu wako. Muulize tu, "Utaniacha?" Mimi niliona aibu kuuliza, nikaona ni rahisi zaidi kumchafua.

Na alikuwa na jibu langu tayari, siku zote zile. Angenijibu huku anajaza tairi upepo.