Ndiyo Tuliyomwambia Daktari

Kila asubuhi, kabla cherehani ya mama haijaanza kulalamika, Kasuku alikuwa na kazi moja: kumnywesha mdogo wake dawa ya kifafa. Mdogo mtu alikuwa na miaka saba na maneno ya mtu wa sabini, ndiyo maana nyumbani waliona heri wamwite Bwana Mdogo.

"Leo nitameza kwa masharti," alisema huku amekunja mikono.

"Meza kwanza, masharti baadaye."

"Hata jana ulisema hivyo."

"Na jana ukameza. Kumbe mpango wangu unafanya kazi!"

Jina la Kasuku lilitoka kwa majirani. Msichana huyu akinyamaza, mtaa mzima ulitaka kujua kulikoni. Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo ulimi wake ulikauka kama gome la mti, napo ni chumba cha daktari.

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki. Foleni ilijaza ukumbi ikamwagikia uani. Zamu yao ilipofika, daktari alielezwa kwamba Bwana Mdogo anasinzia sana darasani, akaandika dawa nyingine, akaanza kueleza haraka haraka.

"Tutafanya mpito wa dozi kwa awamu. Hii mpya mnaipandisha, ile mnaishusha sambamba, kulingana na mwitikio wa mgonjwa. Mmeelewa?"

Tayari alikuwa anaangalia mlangoni, mgonjwa mwingine ameshachungulia.

"Ndiyo, daktari. Asante sana," alijibu mama, na kichwa kikaitika kama cha mjusi ukutani.

"Na wewe, dada mtu?"

"Ndiyo, daktari," alisema Kasuku.

Walipofika nje, mama alimgeukia. "Haya, msomi. Amesemaje?"

"Si wewe umeitikia, mama?"

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe!"

"Na mimi nilikuwa nakutazama wewe!"

Walicheka mpaka mlinzi akawatazama. Kurudi ndani kuuliza? Thubutu! Mama alikuwa fundi cherehani, na alishazoea kuamini kwamba wakubwa hawapotezewi muda. Basi akatumia akili ya dukani: "Mtu akinunua viatu vipya, vya zamani anavaa vya nini? Tunaanza hii mpya, ile tunatupa." Wakaitupa, wakalala kwa amani.

Amani yenyewe haikudumu. Siku chache baadaye Bwana Mdogo alikuwa sakafuni anachezea vipande vya vitambaa, mara akakakamaa, akaanguka, mwili ukaanza kutikisika. Kasuku alisogeza mkasi mbali, akamlaza kwa ubavu, akamwekea kitambaa chini ya kichwa. Hakumtia kitu mdomoni. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Alipiga magoti akamtazama mdogo wake akitikisika, akatamani kumshika kifafa huyo kwa kola na kumtoa nje.

Hali hiyo ilirudi tena shuleni, mbele ya darasa zima. Ikarudi bombani, ndoo ikapinduka. Mama na Kasuku walimkimbiza hospitali.

"Dawa mnatumia kama nilivyoelekeza?" aliuliza daktari.

Kasuku alifungua kinywa. Alimtazama mama.

"Ndiyo, daktari," alisema mama.

Kasuku alifunga kinywa.

"Basi tuupe mwili muda uzoee."

Mwili haukuzoea. Mwalimu mkuu aliomba, kwa upole, mtoto akae nyumbani kwanza. Bwana Mdogo alikaa kitandani akitazama ukuta. Hata kuamrisha aliacha. Asubuhi alimeza kidonge bila sharti lolote, na jambo hilo lilimuuma Kasuku kuliko kuanguka kwenyewe. Mama alishona gauni la mteja akaunga mkono wa kushoto kulia. Maji yalikuwa yamewafika shingoni, na hakuna aliyejua pa kushika.

Mteja mwenyewe alipokuja kuchukua gauni lake hakukasirika. Mama alipomweleza yaliyompata mtoto, kumbe naye alikuwa katika chama cha wazazi wenye watoto wa kifafa. "Nendeni kwenye shirikisho letu," alisema. "Vyama vyote vya wagonjwa viko chini ya mwavuli mmoja. Sauti ya mtu mmoja hospitalini ni mbu, lakini sote pamoja ni ngoma."

Ofisi ya shirikisho ilikuwa juu ya duka la viatu. Viti havikufanana hata viwili, maana kila chama kilikuja na chake. Mwanamke mwembamba mwenye bandeji mkononi aliwakaribisha.

"Mimi ni Figo. Msishangae, hapa tunaitana kwa maradhi yetu, tumeamua kuyacheka kabla hayajatucheka. Wewe, Sukari! Lete kiti kingine!"

"Lete mwenyewe, Figo, mimi mgonjwa!" Sauti ilijibu kutoka chumba cha pili, lakini kiti kikaja.

Figo aliketi. "Kazi yetu ni kutetea haki za wagonjwa. Nielezeni, daktari aliwaambia nini kuhusu dawa?"

"Hakutuambia kitu," alisema mama upesi. "Alitupa dawa tu."

Figo aliinamisha kichwa. "Hakueleza kabisa? Hilo ni kosa kubwa. Tutalipeleka kwa mganga mkuu."

Kasuku alipima moyoni. Akinyamaza, daktari ataadhibiwa kwa jambo ambalo si kweli, na Bwana Mdogo ataendelea kuanguka. Akisema, atamvua mama yake nguo mbele ya watu. Alimtazama mama. Mama alikuwa anaitazama sakafu.

"Alituambia," alisema Kasuku, na sauti ikamtoka nyembamba. "Hatukuelewa. Tukasema ndiyo. Ile ya zamani tukaitupa. Aliporudia kutuuliza, tukasema ndiyo tena."

Mama alifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Niliona aibu," alisema hatimaye. "Watu walikuwa wengi nje."

"Dada yangu," alisema Figo, "mimi mwenyewe nilisema ndiyo mpaka figo zikaniaga. Inukeni. Twendeni leo hii."

Daktari aliposikia, alishika kichwa. "Mmeiacha ghafla? Ndiyo maana! Dawa ya kifafa haikatwi siku moja."

"Na wewe, daktari," alisema Figo, "uliwaeleza kwa lugha ya nani?"

"Ya vitabu," alikiri daktari. Akaeleza upya, polepole: ya zamani irudi, ipunguzwe kidogo kidogo, na mpya iongezwe kidogo kidogo, hadi ya zamani iishe.

"Sasa nirudishieni maelezo hayo kwa maneno yenu," alisema Figo. "Huo ndio utaratibu tunaoupigania kila hospitali."

Mama alijaribu akakosea. Akajaribu tena, akakwama katikati. Kasuku akasaidia, naye akakosea kwa kujiamini zaidi. Foleni nje ikaguna. Daktari hakuitazama. Mara ya mwisho mama alieleza yote bila kupotea, jasho likimtiririka kana kwamba amebeba gunia.

Bwana Mdogo alianguka mara chache tena, kisha kuanguka kukakoma. Walipokuja kliniki iliyofuata alikuwa amesharudi darasani, macho makavu bila kusinzia, na mganga mkuu alikuwa ameagiza kwamba katika kliniki ile mgonjwa asitoke kabla hajarudisha maelezo kwa maneno yake.

Figo aliwakuta ukumbini, akamshika Kasuku begani.

"Mwanangu, sikia. Haki ya mgonjwa ina miguu miwili. Mmoja ni wa daktari, aeleze mpaka aeleweke. Wa pili ni wetu, tuseme kweli mpaka tusaidiwe. Kusema 'nimeelewa' na hujaelewa ni uongo, hata ukiusema kwa heshima na asante juu yake. Na uongo huo haumwumizi daktari. Unamwangusha mgonjwa."