Povu Kwenye Bomba la Turbo

Haya alinieleza rafiki yangu fundi, nami siongezi chumvi. Shemeji yake, mjane wa kaka yake, alimletea gari ambalo marehemu alilifungia turbo, ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, kwa mikono yake. Sasa lilikuwa halivuti. Fundi akaziba mdomo wa turbo, akajaza upepo kwa kompresa, akapaka mabomba povu la sabuni atafute panapovuja. Wapi! Hapakuvuja.

Umeme ukakatika. Gereji isiyo na dirisha ikawa giza, kompresa ikanyamaza. Akachomoa mpira wa upepo.

Fyuuu. Kimya. Fyuuu.

Akamulika kwa simu. Povu lilikuwa likivimba, likinywea, likivimba tena.

"Shemeji, unasikia?"

"Nasikia," mjane akajibu, macho makavu. "Ndivyo mume wangu alivyokuwa akipumua usingizini. Sasa hivi atageuka."

Springi zikalia, gari likainama upande mmoja.