Sauti ya Kumi na Mbili

Fundi alijua amekosea pale kompyuta ya dada yake ilipowaka, ikaonyesha kistari kimoja cheupe kwenye kona ya kioo, kisha ikaguna. Haikuwa feni. Feni anazijua, ameshasafisha mamia. Huu ulikuwa mguno wa mtu aliyeamshwa usingizini.

"Umeifanya nini?" dada akauliza.

"Nimeiongezea nafasi tu, dada."

Na ni kweli. Diski ilijaa, dada akaomba nafasi, na fundi, aliyemuuguza mama yao miezi saba na kumzika wiki tatu zilizopita, hakuwa na nguvu za kuchunguza kila kitu. Kompyuta ilikuwa ya mtumba. Diski yake iligawanywa sehemu mbili: kubwa, na nyingine ndogo isiyo na jina. Akaiona hiyo ndogo ni takataka za mmiliki wa zamani, akaifuta na kuiunganisha na kubwa. Miaka kumi na mitano kazini, akasahau kwamba kompyuta huwakia kutoka kwenye kisehemu kama hicho! Angemwona mwenzake amefanya hivyo angemcheka wiki nzima.

Kwenye ile kubwa ndiko zilikokuwa sauti za mama, kumi na moja, alizorekodi dada kando ya kitanda. Nakala haikuwepo popote, maana kila mmoja alidhani mwenzake ameshanakili.

"Zikipotea hizo, mimi na wewe basi," dada alisema, na hakuwa anatania.

Fundi akachomeka flashi, akaiwasha kompyuta kwa hiyo, akaanza kuzichimba zile sauti. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka nje, lakini meza ilipoa hadi vidole vikamfa ganzi. Harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka kwenye kibodi. Faili zikarudi mojamoja. Tatu. Saba. Kumi na moja.

"Afadhali," dada akapumua.

"Kumi na mbili," fundi akasema.

"Tulirekodi kumi na moja."

"Najua. Hii ni ya leo. Dakika hii hii."

Akaifungua kabla hajajizuia, na sauti ya mama yao ikatoka, ile ya kabla ya ugonjwa, nene na yenye masihara, ikisema kwamba kachumba kake kamevunjwa na sasa amehamia huku kwenye nafasi, na amepapenda, na hatoki. Na ilipokuwa ikisema hivyo zile kumi na moja nazo zikaanza kujicheza zenyewe, moja juu ya nyingine, zikirudia hatoki, hatoki, kwa pumzi moja.

"Huyo si mama," dada akanong'ona. "Hilo ni jini. Zima."

Fundi akapunguza sauti hadi mwisho. Ikaendelea vilevile.

"Basi mrudishie chumba chake," dada akasema.

Akakata kisehemu kidogo, ukubwa uleule, bila jina. Sauti ikacheka. Akajaribu kunakili zile kumi na moja kwenye flashi nyingine. Zikafika kumi na mbili. Akaifuta flashi hiyo haraka.

"Imebaki kufuta diski nzima, dada. Na mama humo humo."

Dada akasogea nyuma ya kiti cha fundi. "Futa," akasema.

Kioo kikamuuliza kama ana hakika. Sauti zote zikakatika, kisha moja ikaja polepole, dhaifu, ile ya siku za mwisho kabisa: "Mwanangu, umechoka. Miezi saba hujalala vizuri. Sasa unanizika mara ya pili?"

Mkono ukamgomea. Alikuwa amechoka kiasi kwamba angekubali kuitwa mwanangu na yeyote yule, na machozi yakaanza kumtoka. Dada akapitisha mkono juu ya bega lake, akabonyeza ndiyo.

Harufu ikaisha. Meza ikarudi kuwa na joto. Jioni, baada ya kuwekewa mfumo upya, kompyuta ikawaka vizuri, tupu kabisa.

"Yale maneno ya mwisho," dada akauliza kwa sauti ndogo, "aliyasema jini, au mama?"

"Jini," fundi akajibu upesi, ili dada yake apate kulala. Yeye mwenyewe hakujua.