Nguzo Yenye Mabega

Nguzo ile hakuna aliyeichora. Zdravka aliingiza michoro ya msanifu kwenye programu ya mahesabu kama alivyozoea, mistari ikageuka boriti na nguzo, mzigo ukagawanyika, jengo zima likawa kijani, ishara kwamba litasimama. Ndipo akaiona, katikati ya ghala la zamani la tumbaku walilokuwa wakiligeuza hoteli: nguzo nyembamba, iliyobonyea kiunoni, imebeba ghorofa za juu peke yake. Akaivuta karibu. Ilikuwa na mabega.

"Ognyan! Umeacha mtu kwenye mchoro wako."

Ognyan, msanifu aliyechangia naye ofisi, alikuja na kahawa yake taratibu. Bwana huyu hakuwahi kuharakishwa na kosa lake mwenyewe. Wasanifu huchora watu ndani ya majengo ili mteja akadirie urefu wa dari, kisha huwaondoa kabla mchoro haujafika kwa mhandisi. Yeye hakumwondoa.

"Si mtu, kivuli tu," akacheka. "Siku ile Kalina wako alipotuletea chakula ghalani, kivuli chake kililala ukutani vizuri mno. Nikakipiga picha, nikakifuatisha. Mrembo, eh?"

"Umepima kivuli cha mwanangu kwenye ukuta ule?"

"Ah, niondolee mambo ya bibi zako hapa! Kifute, tufanye kazi."

Hakuna mtoto wa mji wao wa Plovdiv asiyesimuliwa habari za waashi wa kale. Ukuta ukigoma kusimama, walimvizia mpita njia, wakapima kivuli chake kwa uzi, wakauzika uzi kwenye msingi. Ukuta ulisimama. Mwenye kivuli alinyauka hadi kufa, akawa talasum, jini la ukutani, kazi yake kubeba jengo.

Zdravka akaifuta nguzo. Jengo lote likawa jekundu, na ndani ya kompyuta mwiko wa mwashi ukagonga tofali. Nguzo ikarudi pale pale. Chumba kikanuka chokaa mbichi.

Nyumbani alimkuta Kalina amejiinamia mezani, chakula hakijaguswa.

"Mama, mabega yananiuma. Kama kuna mtu amenikalia."

Wiki haikuisha, binti akashindwa kupanda ngazi. Madaktari wakampima, wasione kitu. Ndipo akaja bibi yake, Nedelya, kutoka milimani, akayeyusha madini ya risasi ili asome chanzo cha maradhi, akaimimina kwenye bakuli la maji juu ya kichwa cha mjukuu wake. Risasi ikalia ssss, ikaganda, ikasimama wima kama nguzo. Bibi akashusha sauti.

"Kwenye ghala lile yumo talasum wa zamani, mwanangu, na amechoka. Sasa amepata wa kumpokea mzigo."

"Tumfukuze basi, mama!"

"Hafukuzwi. Mzigo ule hauwekwi chini. Hupokelewa tu."

Mchana ule, kweupe kabisa, Zdravka alikaa kando ya kitanda akausikia mwiko ukigonga ndani ya ukuta, kwanza mbali, huko chini kwa majirani, kisha ukipanda tofali kwa tofali, bila haraka, kama fundi anayejua kwamba mteja hana pa kwenda, mpaka ukafika nyuma ya mto wa Kalina ukanyamaza, na kwenye mabega ya binti, juu ya gauni la kulalia, vumbi jeupe likaanza kutua lenyewe, na shingo yake ikazama kidogo, na akatoa sauti ya mtu anayetwishwa jiwe.

Zdravka akakimbilia ofisini.

"Mwanangu anakufa, Ognyan."

"Anadeka tu huyo! Mpe supu, mwambie anyooke." Akawasha sigara, akatoka nje, kwenye roshani. Jua la alasiri likakilaza kivuli chake ukutani, chote, toka kisogoni hadi viatuni.

Zdravka akamtazama kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Akatoa simu.

"Tulia hapo hapo. Nikupige picha ya tovuti yetu."

Ognyan akarekebisha skafu, akainua kidevu. Picha aliyopiga Zdravka ilikuwa ya ukuta.

Akakifuatisha kivuli, akakiingiza kwenye programu mahali pa Kalina. Jengo likawa kijani. Aliporudi nyumbani alimkuta binti amesimama wima jikoni, anabugia mkate na jibini, anauliza kama kuna kingine. Zdravka alilia kwa furaha, bila aibu yoyote.

Simu ikaita. Ognyan alikuwa akinong'ona.

"Zdravka, kuna mtu anajenga ndani ya ukuta wangu. Siwezi kunyanyua shingo. Umenifanya nini?"

"Ulichomfanya mwanangu."

"Nifute, dada yangu. Nakupigia magoti."

"Nikikufuta wewe, nimweke nani?"

Nyuma ya pumzi za Ognyan mwiko uligonga, ukagonga.

"Mama yangu ameshazeeka," akasema polepole. "Nina picha yake, amesimama juani."

Mwiko ukanyamaza, ukisubiri Zdravka aseme.