Raudha Wawili Kwenye Kompyuta

Kila asubuhi nilifagia ua, nikamwogesha mdogo wangu Raudha, kisha nikapita kati ya malori yaliyopanga foleni mpakani Tunduma kwenda shule. Siku moja mwaka 2015, Raudha aliamka mwili unawaka.

"Zakia, leo shule basi," mama alisema. "Twende kituo cha afya."

Raudha alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alipewa jina la dada yetu, aliyefia nyumbani miaka miwili kabla ya siku hiyo. Tangu hapo mama alitukataza kumtaja marehemu.

Tulihudumiwa na Daktari Lusubilo, kijana aliyekuwa bado mafunzoni. Macho yake hayakutoka kwenye kompyuta.

"Jina la mtoto?"

"Raudha Shaban."

"Yupo humu." Raudha alipokwisha kutolewa damu, akasoma jibu la maabara. "Malaria kali. Atachomwa sindano. Dozi mashine inapiga hesabu yenyewe."

Nikachungulia. Pembeni, kwa herufi ndogo, paliandikwa: miaka kumi na moja, kilo ishirini na tano. Dada alikufa ana miaka tisa. Kumbe mle ndani alikuwa anaendelea kukua.

Nikamtazama mama. Nikisema, atalia. Lakini muuguzi alikuwa ameshaanza kuvuta dawa.

"Dokta, huyo siye. Huyo ni marehemu."

"Zakia!" Mama akanibana bega.

"Mama, watampa mdogo wangu dozi ya dada!"

Muuguzi akasimamisha mkono. Akaitwa Daktari Anastazia, msimamizi wao.

"Lusubilo, kilo ishirini na tano? Umempima kweli mtoto huyu?"

"Samahani, Dokta, sikumpima. Uzito unajazwa ukurasa mwingine, na nikirudi nyuma nilichoandika chote kinafutika. Foleni ni ndefu. Niliogopa kuuliza."

Raudha akapimwa: kilo kumi. Akachomwa dozi yake, akalazwa, na baada ya siku tatu tukarudi naye nyumbani.

Lakini siku ile, kabla hatujatoka chumbani, Daktari Anastazia aliuliza taratibu, "Na huyu wa kwanza, mama?"

Mama alimvuta Raudha kifuani.

"Andika amefariki. Alikuwa anaogopa sindano, huyo."

Lusubilo alitafuta mahali pa kuandika, asipaone. Daktari Anastazia akavuta kiti, wakatafuta pamoja.

"Hii mashine ina kasoro, na walioitengeneza nitawaambia," alisema. "Lakini haijui msiba wa mtu. Mtazame mtoto kwanza, na usipojua, uliza. Binti huyu naye aliogopa, ila alisema."